Giligilani, Kotimiri, Dania: Asili ya Majina ya Kiungo Kimoja

Mabibi na mabwana, mmea ninaokusudia kuuzungumzia leo mnaufahamu vyema kwa pua, kwani ukishakatwakatwa juu ya kachumbari harufu yake huitangulia sahani. Nairobi huitwa dania, kwingine giligilani, na wapo wanaosema kotimiri. Wataalamu wa mimea, tangu Linnaeus alipouorodhesha mwaka 1753, huuita Coriandrum sativum.

Jina hilo la kitaalamu ni la Kilatini, nacho Kilatini kililipata kwa Wagiriki waliosema koriannon. Husimuliwa mara nyingi kwamba Wagiriki waliliunda kutokana na koris, yaani kunguni, kwa kuwa majani mabichi yakifikichwa hunuka kama mdudu huyo. Harufu yenyewe si uzushi: majani hayo na kunguni wana kemikali za jamii moja, aldehaidi, na ndizo zinazowafanya baadhi ya watu walalamike kwamba wametiliwa sabuni katika chakula. Hata hivyo, naiona hadithi hii kuwa tamu kuliko ushahidi wake. Mabamba ya udongo ya Knossos, kisiwani Krete, yaliyoandikwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita kwa mwandiko wa kale ambao Mwingereza Michael Ventris aliufumbua mwaka 1952, yanautaja mmea huu kwa umbo ko-ri-ja-do-no. Umbo hilo halielekei kujengwa juu ya koris. Linashabihiana zaidi na majina kama Ariadne, binti mfalme wa Krete katika hekaya za Kigiriki, majina ambayo yaelekea Wagiriki waliyarithi kwa wenyeji waliowatangulia. Kunguni, kwa maoni yangu, alipachikwa baadaye.

Majina yetu yalipita njia nyingine. Giligilani ni juljulan ya Kiarabu, neno ambalo kamusi za Waarabu hulitumia kwa ufuta na pia kwa punje za mmea huu. Kotimiri ililetwa na Wahindi, ambao kwa Kigujarati husema kothmir wakikusudia majani. Dania nayo ni dhaniya ya Kihindi, yenye nasaba na neno la Kisanskriti dhanya, yaani nafaka. Hivyo muuza mboga wa Nairobi anayefunga fungu la majani mabichi na kuliita dania analiita kwa jina la punje, na mteja anayezitaka punje zenyewe hulazimika kusema "mbegu za dania". Wapishi wengi wa pwani wameepukana na usumbufu huo: kwao giligilani ni punje za kusaga, na kotimiri ni majani.