Kumpimia mbwa mkanda wa shingoni na kumchagulia kamba

Karibuni tena. Leo niko uani kwangu hapa Ngamiani, Tanga. Huyu aliyelala miguuni ni Doa, ana miezi saba, na mkanda wake wa utoto umeshamkaa vibaya.

Kabla ya yote, naomba jambo moja. Kama mbwa wako umemfunga kwa kamba ya katani, simamisha video, kamfungue. Najua mkoa wetu ni wa mkonge na kamba hiyo haikosekani nyumbani. Lakini inachubua, na fundo linazidi kukaza kila anapovuta. Mbwa wangu wa kwanza nilimfunga hivyo akiwa mdogo. Akakua, kamba ikabaki ileile. Nilipokuja kupekua manyoya, ilikuwa imeshaanza kuzama kwenye ngozi. Ndiyo sababu narekodi hii.

Haya, shika futi ya fundi cherehani. Izungushe shingoni, pale mkanda utakapokaa, bila kubana. Doa ana sentimita 38. Naongeza 5, kwa hiyo natafuta wa 43, wenye matundu ya ziada maana bado anakua. Upana, kwa mbwa wa umbo hili, sentimita 2.5, mwembamba unamkata akivuta.

Mkanda wa ngozi ni mzuri, hata fundi viatu anaweza kukushonea. Ila kama mbwa wako anaingia baharini kule Raskazone, chumvi itaikausha ngozi mpaka ipasuke. Chukua wa nailoni, bizimu isiyoshika kutu, na uusuuze kwa maji baridi mkirudi.

Sasa tazama mkono wangu. Kwanza mwache aunuse. Uvishe, funga bizimu, kisha ingiza vidole viwili, vikiwa bapa, kati ya mkanda na shingo. Vipite bila kusukumana. Halafu uvute taratibu kuelekea masikioni. Ukivuka masikio, kaza tundu moja, la sivyo ataponyoka barabarani. Kwa mbwa anayekua, pima hivi kila wiki, na ukiuvua angalia kupe, hupenda kujificha hapo chini.

Kamba ya kutembea naye iwe mita moja na nusu hivi. Mnyororo ni mzito, unamchosha shingo. Ndefu zaidi ya hapo haifai mji huu wenye baiskeli kila upande: akiruka tu, mtu yuko chini. Tena tuna majirani waliokwisha kutawadha wanaokwenda msikitini. Ukiwaona, fupisha kamba, mweke mbwa upande wa ukuta, wapite kwa amani.

Akivuta sana hadi anakohoa, usimkaripie. Klipu ya kamba ihamishie kwenye mkanda wa kifuani, shingo ipumzike.

Doa, simama. Leo tunazunguka hapahapa uani, geti tutafungua kesho.