Darasa Jipya Pekee Halitoshi

Asalaam aleikum walimu wangu, wazazi, na waheshimiwa wa kaunti mliojaliwa kufika.

Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti elimu ya chekechea, na tangu 2013 jukumu hilo liko hapa hapa Mombasa. Mzazi wa Likoni au Kisauni mwenye lalamiko kuhusu PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, halazimiki kulipeleka Nairobi. Mimi naiona hiyo ni neema. Lakini kila bajeti ikija, swali huwa moja: madarasa mangapi? Leo naomba tuulize mwalimu aliye ndani ya darasa hilo ana nani wa kumshika mkono.

Boston, Marekani, walilipitia jambo hili. Mwaka 2005 meya wao, Thomas Menino, aliahidi nafasi katika shule za umma kwa watoto wa miaka minne. Nafasi zikaongezwa haraka. Watafiti walipoingia madarasani, walikuta ufundishaji ni wa wastani tu, ilhali walimu wale walilipwa kwa kiwango kimoja na wenzao wa madarasa ya juu! Basi wakachagua mtaala wa lugha na wa hesabu, wakaweka walimu wazoefu wa kuketi na mwalimu darasani, kumtazama akifundisha, kisha kuzungumza naye. Utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha watoto waliosoma humo wamewapita wenzao kwa msamiati, kusoma na hesabu.

Na sisi tusijione wageni. Miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa mji huu waliliomba shirika la maendeleo la Aga Khan Foundation liwasaidie, zikaanzishwa chekechea za jamii zilizoambatana na madrasa. Bi Swafiya Said akawa miongoni mwa waliowafunza walimu wa mwanzo. Vifaa vilikuwa vile vya kuokotwa: vifuu, makombe ya pwani, vizibo vya soda. Mpango huo ukavuka hadi Zanzibar na Uganda. Umetoka hapa kwetu, jamani.

Hebu tutazame hivyo vizibo. Viko saba mkekani. Mwalimu mmoja atasema, "Haya, hesabuni!" na darasa zima litaimba moja mpaka kumi, hata aliyelala anaimba. Mwingine atachutama, avifunike baadhi kwa kifuu, vibaki vitano nje, kisha amuulize mtoto: "Humu ndani mna vingapi? Umejuaje?" Mtoto atakunja vidole, ajibu, akosee, ajaribu tena, kwa Kiswahili kile kile anachozungumza na bibi yake. Mwalimu asimkatize. Kule kusubiri ndiko kugumu, na hakufundishwi kwenye semina ya siku moja hotelini.

Tena mwalimu huyu wa chekechea haajiriwi na TSC, Tume ya Huduma za Walimu, kama jirani yake wa gredi ya kwanza. Mwajiri wake ni kaunti. Akipata kazi yenye malipo bora ataondoka, na ujuzi wote tuliompa ataondoka nao.

Kwa hiyo, vikao vya maoni ya bajeti vikiitishwa, twendeni tukadai mambo mawili yaandikwe pamoja na madarasa: walimu walezi wa kuzunguka kila kaunti ndogo, wakae na wenzao darasani mwaka mzima, na ajira ya kudumu kwa mwalimu wa chekechea. Waheshimiwa mko hapa. Tungependa kusikia jibu lenu kabla hatujatawanyika.