Karatasi ya "Sitadai Tena"

(Mazungumzo na madereva, utingo na vibarua wa mbao, Mafinga)

Kamwene! Kamwene tena, mbona wa nyuma hamuitiki? Na wale wa kutoka Rungwe, ugonile. Nimeambiwa nisizidishe nusu saa, kuna watu humu wana mzigo wa kushusha Kitonga usiku huu, na ukungu wa leo mnauona wenyewe.

Nianze na mjomba wangu. Mwaka 2017 alikuwa utingo wa semitrela inayokwenda Tunduma. Walipata pancha pale chini ya Iwambi, akashuka kuweka majani barabarani. Basi likakosa breki kwenye mteremko, likagonga trela, trela likambana mguu. Akalazwa. Siku ya tatu akaja bwana mmoja mpole sana kutoka kwa mwenye basi, ana rambo la machungwa (enzi hizo rambo bado ruksa) na bahasha. Ndani laki tatu, na karatasi iliyopigwa chapa: nimepokea, nimeridhika, sitadai tena. Mjomba anajua kusoma na kuandika, lakini mkono wa kulia ulikuwa na bandeji. Wakamshika wa kushoto, wakabonyeza dole gumba kwenye wino.

Tajiri wake aliposikia watu wa basi wamelipa, akaona yamekwisha, hakuripoti popote. Watu wa basi nao walikuwa wamemwambia mjomba, "mengine utamalizana na tajiri wako." Alipokuja kuniuliza ilikuwa imepita miezi kumi na minne.

Nimekuja kwa ajili ya hiyo karatasi.

Ukiumia kazini, mara nyingi kuna madeni mawili, na hayadaiwi mtu mmoja. La kwanza linadaiwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mfuko huu umewekwa na sheria ya mwaka 2008, ukaanza kazi Julai 2015 na kuanza kulipa mafao Julai 2016, kwa Tanzania Bara. Hapa huulizwi nani mwenye makosa. Unaulizwa: ulikuwa kazini? Umeumia kwa sababu ya kazi? Basi. Wazee mnakumbuka sheria ya zamani, ulemavu wa kudumu ulikuwa hauzidi shilingi 108,000. Laki na elfu nane kwa mkono mzima! Siku hizi hesabu inafuata mshahara wako. Ukiwa hujiwezi kwa muda, ni asilimia 70 ya mshahara, hadi miezi 24. Ukibaki na ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30, unapewa fedha kwa mkupuo. Ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Matibabu yapo, mazishi yapo, na wategemezi wa aliyefariki wanalipwa.

Mchango ni wa mwajiri peke yake. Sekta binafsi ilianza na asilimia moja ya mishahara, sasa ni 0.5. Kama kuna tajiri anakukata kwenye posho akisema ni ya WCF, huyo anakuibia. (Kicheko.) Mnacheka, lakini naona mnaangaliana.

Deni la pili ni la mtu baki aliyesababisha ajali, asiye mwajiri wako. Huyu unamdai kwa uzembe wake, mahakamani au kwa bima yake, na hapa makosa lazima yathibitishwe. Kudai Mfuko hakukunyimi haki ya kumdai huyu. Ila usitegemee kulipwa mara mbili kwa jeraha lile lile. Mahakama itaangalia Mfuko ulishatoa kiasi gani, na Mfuko wenyewe unaweza kumfuata yule mtu baki kurudisha ulicholipa.

Kwa hiyo ile karatasi ya mjomba ilikuwa kati yake na mwenye basi. Mfuko haukuwemo. Haki yake ya kwanza ilikuwa hai kabisa siku anabonyeza dole, na aliyeiua ni ukimya. Mfanyakazi unatakiwa umwambie mwajiri mapema, mwajiri aujulishe Mfuko ndani ya siku saba za kazi, na dai lisipite miezi 12. Dai la uzembe mahakamani lina miaka mitatu.

Sasa sikilizeni utingo, maana hapa wengi mnadanganyana. Gari la tajiri wako lina bima, stika ipo kiooni, mnasema "bima ipo, nitalipwa." Bima ndogo, ile ya lazima, hailazimiki kumlipa mfanyakazi wa mwenye gari aliyeumia akiwa kazini. Wewe uliyemo ndani ya gari la tajiri wako, pa kwenda ni Mfuko. Bima inayokuhusu ni ya gari lililokugonga. Namba ya usajili ya lile gari ndiyo mali yako, piga picha hata kama unavuja damu. Ukiingiza namba ile kwenye mfumo wa TIRA, wale wasimamizi wa bima nchini, unaona kama bima ni hai na ni ya kampuni gani. Kisha tafuta PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ramani ya ajali ya trafiki, ripoti ya mkaguzi wa magari. Na yule dereva akishtakiwa, fuatilia kesi mpaka mwisho. Watu wakisikia ametozwa faini wanakasirika wanaondoka. Chukua nakala ya hukumu! Akishatiwa hatiani na muda wa rufaa ukapita, kosa lile halibishaniwi tena kwenye kesi yako ya madai.

Wa mbao, nimewaacha muda mrefu. Kwenu ugumu ni kujua mwajiri ni nani. Kule msitu wa Sao Hill, kibali cha kuvuna ni cha mmoja, dingdong, ile mashine ya kupasua mbao, ni ya mwingine, aliyewakusanya vijana ni wa tatu, lori ni la mtu wa nne. Mkanda wa dingdong ukikatika ukachukua vidole, kila mmoja anamnyooshea mwenzake. Mimi huwa nauliza swali moja la kwanza: Jumamosi nani alikulipa? Kijana mmoja alinifungulia simu, meseji za M-Pesa wiki kumi na moja mfululizo, jina lile lile, elfu sitini, elfu sitini. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba, na ile simu ilikuwa shahidi wake. Baada ya hapo ndipo tukamwangalia mwenye mashine: aliikodisha bila kinga ya mkanda. Yeye si mwajiri, kwa hiyo akaingia kwenye deni la pili.

Ndiyo, mama, uliza.

Anasema tajiri wa mwanawe hajajisajili WCF. Mama, kutojisajili ni kosa lake, na linaadhibiwa. Mwanao asikae nyumbani kumwonea aibu. Aende mwenyewe, na vyeti vya hospitali na hiyo simu.

Na wewe kijana wa koti? "Laki tatu nisipoipokea, hospitali nalipa na nini?" Swali zuri kuliko yote ya leo, mjomba angeniuliza hilo hilo. Pokea. Njaa haisubiri hukumu. Lakini chukua kalamu, kata yale maneno ya mwisho, andika "nimepokea kwa ajili ya matibabu, madai mengine yanaendelea," weka tarehe, shahidi asaini, piga picha. Akikataa kutoa hela kwa maandishi hayo, ujue alikuwa ananunua nini.

Haya, wa Kitonga nendeni, kagueni breki kwanza.