Ukiulizwa Hujambo

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi wengine, hamjambo?

Mmejisikia mlivyoitikia? Ukumbi mzima, "Hatujambo!" Na pale mbele namwona mzee na mkongojo wake, na yupo dada hapa ambaye usiku kucha alikuwa anamgeuza mumewe kitandani. Ndivyo tulivyolelewa: salamu kwanza, shida baadaye.

Hapa Uingereza jibu hilo lilimponza mama yangu. Alikuwa amepata kiharusi, mkono wa kulia hauinuki. Akaja ofisa wa ustawi wa jamii kutoka halmashauri kufanya tathmini ya mahitaji, na mkalimani nikawa mimi. Akauliza, "Anaweza kuoga mwenyewe?" Nikamfikishia mama. Mama akanitazama, akatazama mlango, akasema, "Tunamshukuru Mungu." Mimi mwanawe wa kiume, ningeanzaje kumwambia mgeni kwamba mama namwogesha mimi? Nikasema anajitahidi. Ofisa akaandika: anajitahidi. Barua ilipokuja tukapewa nusu saa ya msaada asubuhi, basi. Kuhusu mimi niliyekwisha acha kazi ya usiku, hapakuwa na neno. Sikuulizwa, wala sikusema.

Nisilolijua siku ile ni hili. Kwa England, Sheria ya Matunzo ya 2014, iliyoanza kutumika Aprili 2015, inailazimu halmashauri kumpatia mtetezi huru mtu anayepata ugumu mkubwa kuelewa anayoambiwa, kuyakumbuka, kuyapima, au kueleza anachotaka, ikiwa hana mtu anayefaa wa kumsaidia. Hulipi chochote. Scotland na Wales wana sheria zao. Na kama shida ni Kiingereza tu, dai mkalimani, tena asiwe mtoto wako.

Mtetezi huyu si wakili wa mahakamani. Halmashauri ndiyo inayogharimia huduma, lakini yeye si mtumishi wake, wala si mtu anayelipwa kumhudumia mgonjwa. Kazi yake si kusema lipi linamfaa mgonjwa. Hilo kila mtu analisema, kuanzia daktari hadi shemeji. Kazi yake ni kulifikisha analolitaka mgonjwa mwenyewe, na uamuzi ukitoka kombo, kumsaidia kuupinga.

Sasa nisikilizeni kwa makini hapa, maana ndipo tunapopotea. Ofisa akiona mtoto yupo sebuleni, husema, "Huyu anatosha." Mgonjwa ambaye akili yake ingali inaamua ana haki ya kukataa. Si kwamba hakupendi. Yapo maneno ambayo mzazi hawezi kuyatamka mbele ya mwanawe, na wewe unayeuguza unayo yako usiyoweza kuyasema mbele yake. Nawe pia una tathmini yako, mbali na ya mgonjwa. Humo wanapaswa kujua kama unaweza kuendelea, kama uko radhi kuendelea, kama unataka kurudi kazini. Ukipata ugumu kama ule niliotaja, hata wewe mtetezi ni haki yako. Kumuuguza mzazi ni radhi, najua. Kuomba msaada hakuitoi hiyo radhi.

Tuliomba tathmini irudiwe, safari hii na mtetezi. Alikuja mara mbili kabla ya siku yenyewe, na mkalimani mwanamke, nami nikaombwa nitoke. Nikakaa jikoni, namsikia mama sauti tu. Siku ya tathmini mtetezi akafungua daftari, akasoma maneno ya mama kama alivyoyasema: "Nataka niogeshwe na mwanamke, kabla ya alfajiri, niswali nikiwa safi. Mwanangu asinioshe tena. Naona haya, naye anaona haya, na hatuambiani."

Miaka miwili nilikuwa nikimwogesha nimegeuza uso ukutani.