Rakuni wa Darini na Lile Pipa la Kijani

ZUHURA: Jumanne usiku niko jikoni, nasikia kitu kizito kinajikokota darini. Nikamwambia Baba Nasra, huyo si panya.

SALIM: Rakuni, yule mnyama wa huku anayefukua mapipa ya taka.

ZUHURA: Jike. Asubuhi tukakuta ubao chini ya ukingo wa paa umeng'olewa, na alama za matope kwenye bomba la maji ya mvua, vidole vitano vitano. Halafu vilio vyembamba alfajiri. Ni msimu wao wa kuzaa huku Toronto, Kanada.

SALIM: Tega mtego, mpeleke mbali.

ZUHURA: Mbali wapi? Sheria ya jimbo letu la Ontario inataka umwachie ndani ya kilomita 1 kutoka ulipomkamata. Na ukimwondoa mama, watoto wanakufa njaa juu ya kitanda cha Nasra.

SALIM: Kilomita moja si anarudi usiku uleule! Hawa ndio waliofungua lile pipa la kijani.

ZUHURA: Salim, leo si siku ya pipa.

SALIM: Nivumilie, Mama Nasra. Mwaka 2016 manispaa ilianza kugawa mapipa mapya ya taka za chakula, yamebuniwa mahsusi kuwashinda rakuni. Kitasa cha kuzungusha. Lori likilipindua juu chini, kinaachia chenyewe.

ZUHURA: Na hayo mengi yamewashinda kweli.

SALIM: Mengi, ndiyo. Wa nyuma ya kwetu analiangusha kwanza. Likishalala ubavu, anashika kitasa kwa mikono miwili, anazungusha, haangalii hata. Anapapasa tu, vidole ndiyo macho yake. Nilisimama dirishani mpaka chai ikapoa.

ZUHURA: Jirani yangu analifunga kwa kamba ya mpira.

SALIM: Kamba anaivuta pembeni! Weka tofali juu.

ZUHURA: Ukiweka tofali, watu wa lori wanaliacha. Turudi darini, tafadhali.

SALIM: Sawa. Basi ita mafundi wa kuondoa wanyama. Wanawatoa watoto kwa mkono, wanawaweka kwenye sanduku lenye joto nje, na tundu linawekewa mlango unaofungukia nje tu. Mama akitoka hawezi kurudi ndani, anawabeba mmoja mmoja kwenda shimo jingine.

ZUHURA: Na asipowafuata? Nimewasha taa na redio darini, ahame mwenyewe. Akikataa, nasubiri watoto waweze kutembea.

SALIM: Hizo ni wiki kadhaa! Kinyesi chao kina mayai ya minyoo, yakimezwa minyoo inafika mpaka kwenye ubongo. Una mtoto anayelala chini yake.

ZUHURA: Nasra nimemhamishia sebuleni. Yule naye ni mzazi, Salim. Siwashiki watoto wake.

SALIM: Mimi ningeita mafundi kesho.

ZUHURA: Kwako ita.

SALIM: Dakika mbili za kipindi zimebaki, na hatujasema lolote la kuziba tundu.

ZUHURA: Wala kusafisha ile pamba ya darini ya kuzuia baridi. Niliandika ukurasa mzima.

SALIM: Soma basi.

ZUHURA: Hautoshi dakika mbili. Msipande huko bila glovu na barakoa, na msizibe tundu kabla hamjajua nani yumo ndani. Mengine wiki ijayo.

SALIM: Na pipa.

ZUHURA: Kwaherini, jamani.