Roketi ya Chupa na Bao la Mzee

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tumekusudia kutoa mafunzo matatu kuhusu roketi za chupa zinazorushwa kwa maji, lakini kwanza ninakiri kwamba Jumamosi, hapa kwetu Magomeni, roketi niliyoitengeneza na mpwa wangu ilipinda hewani, ikaangukia bao la wazee chini ya mwembe na kuzitawanya kete zote 64.

BARAKA: Pole, dada. Nani alikuwa anaongoza?

ZUHURA: Hapo ndipo penye balaa. Mzee mmoja anashikilia kwamba alikuwa amebakiza kula mara moja tu ili safu ya mbele ya mwenzake ibaki tupu. Tangu siku hiyo nikimwamkia, ananijibu: “Marahaba. Na ushindi wangu?”

BARAKA: Mzee huyo ninamfahamu, na hajawahi kufungwa bila kuwa na kisingizio. Roketi yako imemsitiri.

ZUHURA: Usinigombanishe na majirani, kaka Baraka. Kosa lilikuwa la pezi moja ambalo gundi yake haikukauka vizuri, likalala upande, na roketi ikafuata upande huohuo.

BARAKA: Mimi ninasema maji yalikuwa machache. Ulijaza theluthi, yaani nusu lita katika chupa ya lita 1.5, ilhali Jumapili mimi nilijaza nusu ya chupa, nikapiga pampu ya baiskeli mara 30 kama ulivyopiga wewe, na yangu ikaupita mwembe.

ZUHURA: Ulinganisho huo si wa haki. Kinachosukuma maji ni hewa iliyobanwa, na katika chupa yako hewa ilikuwa na nafasi ya lita 0.75 tu, wakati kwangu ilikuwa na lita nzima. Kwa hiyo mapigo yaleyale 30 yalikuongezea shinikizo kubwa kuliko langu kwa karibu theluthi moja. Lingekuwa shinikizo sawa, chupa yako ingebeba maji mengi mno kwa hewa kidogo, na hewa hiyo ingechoka mapema.

BARAKA: Shinikizo sawa utalipimaje bila geji? Mtoto wa Magomeni ana pampu na mikono yake. Jasho langu la mapigo 30 ni sawa na jasho lako, na kwa jasho hilo nusu imeshinda theluthi.

ZUHURA: Unapima jasho, hupimi roketi.

BARAKA: Nawe unapima geji usiyokuwa nayo.

ZUHURA: Sikubali.

BARAKA: Wala mimi. Twende tukamwulize mzee, kwa kuwa yeye ndiye aliyeiona ikimjia.

ZUHURA: Mzee atasema theluthi, nusu, hata chupa tupu, zote zina deni lake. Jana alifungwa mchana kweupe, hapakuwa na roketi hata moja angani, akadai kwamba mkono wake bado una mshtuko.

BARAKA: Je, akidai fidia ya kete?

ZUHURA: Kete zilipatikana 63. Nimemletea komwe mpya, ameikataa kwa sababu eti haina bahati.

BARAKA: Basi hiyo ya 64 ameificha mwenyewe, ili mchezo usiishe kamwe na asihesabiwe kuwa amefungwa. Ninaapa, akipekuliwa kwenye kikoi itaonekana.

ZUHURA: Fundi mitambo ananionyesha vidole viwili, nadhani ni dakika, na hatujagusa hata funzo moja. Nitasema hili la usalama pekee: tumieni chupa ya soda, kwa kuwa imetengenezwa kuhimili gesi, msitumie ile nyepesi ya maji ya kunywa. Kabla ya kuirusha, ijazeni maji hadi juu kisha mpige pampu, kwa sababu maji hayabanwi kama hewa, hivyo hata chupa ikipasuka hairuki vipande kwa nguvu. Na kamba ya kufyatulia iwe...

BARAKA: Dada, simu yako inaita.

ZUHURA: Ni mzee.