Haya Isiwafunge Midomo: Maneno kwa Vijana Waendao Kuishi na Familia za Ujerumani

Waheshimiwa wazazi, nanyi vijana mliokwisha kupata viza na sasa mnasubiri tiketi tu, masharti ya mpango wa au pair, yaani kuishi na familia ya ugenini na kuisaidia kulea watoto, mnayajua. Mmeambiwa kwamba kazi za watoto na za nyumba hazizidi saa 30 kwa wiki, kwamba posho ni euro 280 kwa mwezi, na kwamba chumba na chakula ni juu ya familia. Mtihani wa Kijerumani wa A1, ile ngazi ya mwanzo, mmeupita. Nililokuja kusema ni lile lile ambalo baadhi yenu mmelisikia kwangu hadi mmechoka: kijana wetu wa Mombasa akiharibikiwa ugenini, mara nyingi si kwa kukosa adabu, bali ni kwa kunyamaza akidhani kuwa kunyamaza ndiyo adabu yenyewe.

Chukueni suala la udhu. Binti mmoja wa Kibokoni alipokewa Berlin na familia yenye watoto wawili, katika nyumba ya kupanga iliyo juu ya wapangaji wengine. Bafu za huko aghalabu hazina tundu la kutolea maji sakafuni. Tundu limo ndani ya beseni la kuogea tu, na maji yanayomwagika nje yake hupenya hadi darini kwa jirani wa chini. Binti alikuwa akiosha miguu kwenye sinki la kunawia uso, kama ambavyo ungefanya wewe. Mwezi wa Desemba jua la Berlin huzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo Adhuhuri, Alasiri na Magharibi hufuatana kwa saa chache, na sakafu haikupata nafasi ya kukauka. Siku moja akakuta karatasi kwenye kioo: tafadhali, bafu libaki kavu.

Binti hakuuliza kitu. Aliamua kwamba dini yake imechukiwa, akaanza kutawadha kwa kujificha, akampigia mamake, na mamake akamwambia, “Vumilia, mwanangu, ndiyo maisha ya kwa watu.” Mama wa nyumba naye aliona tu mtu mzima anayecheza na maji mara kadhaa kwa siku, asijue la kumwambia zaidi ya karatasi. Aliyelimaliza jambo hilo ni mtoto wa miaka sita, ambaye aliuliza mezani, bila haya hata kidogo, kwa nini dada huyu hupandisha mguu kwenye sinki. Maelezo yalichukua muda wa kikombe cha chai. Wakakubaliana kwamba miguu ioshwe ndani ya beseni la kuogea na tambara litundikwe mlangoni. Ilipofika Juni, ambapo jua huzama saa tatu na nusu usiku na Isha huingia baada ya saa tano, wakati ambao majirani wanataka utulivu, mama yule mwenyewe ndiye aliyemnunulia jagi na karai vya kuweka chumbani.

Yupo atakayesema kwamba mgeni hapangi mambo katika nyumba ya watu. Mgeni yupi? Sisi wenyewe husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Wajerumani jembe hilo wameliandikia saa na kulitilia saini. Mwingine atasema kwamba kijana ataonekana mkorofi. Mkorofi ni yule anayenuna wiki tatu kisha akalipuka wiki ya nne kwa sababu ya kijiko. Nanyi wazazi, nawaombeni sana, punguzeni hilo neno “vumilia”. Kabla ya kulitamka, muulizeni mtoto wenu kama mwenyeji wake ameambiwa.

Naona ninaonyeshwa saa, basi mengine nitayapitia mbio. Habari ya nguruwe isemwe kabla ya kusafiri, tena isemwe pamoja na jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe, maana imo katika peremende nyingi ambazo watoto watakupa kwa mapenzi. Kama unaogopa mbwa, au unahofia najisi yake, sema mapema. Jumapili usitupe chupa za kioo kwenye mapipa ya barabarani, kwa sababu kelele siku hiyo ni kosa. Chupa nyingi za plastiki na makopo ya soda hurudishwa dukani kwa senti 25, kwa hiyo usizitupe. Baridi nitaiacha; kila mtu ameshawatisheni nayo.

La mwisho ni kubadilisha familia, ambako kunaruhusiwa. Mkataba huonyesha muda wa kutoa ilani, na ofisi ya wageni ya mji huo ni lazima ijulishwe. Nakala ya mkataba ibaki kwa mzazi hapa Mombasa, na mzazi aisome kabla ya siku ya kwenda uwanja wa ndege. Sasa ulizeni, na tuanze na mabinti walioketi nyuma, ambao tangu niingie hawajafungua midomo.